Mdau wa Masasi, usiache hiyo sindano

Rudisha hiyo insulini mahali pake. Mengine tutaongea baadaye.

Nimesoma ulichoandika nikitafuta kama unatania. Una miaka 36, mwembamba, kilo zimekimbia ndani ya msimu mmoja, ulikutwa na sukari 24 (mmol/L), ukaanzishiwa insulini, sasa imeshuka hadi 7 na unajisikia mzima. Halafu jirani kakwambia kisukari cha ukubwani ni aina ya pili, hakina haja ya sindano. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu unaacha insulini, unabaki na vidonge vya metfomini na unga wa majani, "kuona kama mwili utakubali". Mdogo wangu, hilo jaribio nilishalifanya kwa niaba yako. Majibu nilipewa nikiwa na dripu mikono yote miwili.

Kituo nilichoanzia mimi, mhudumu alitazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akaandika aina ya pili, basi. Mkojo haukupimwa ketoni, zile asidi zinazotoka mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu asiye na kitambi anakonda hivyo. Vidonge vikasaidia kidogo, vikagoma, daktari mwingine akaniwekea insulini. Sukari ikatulia. Hapo ndipo penye mtego, na ndipo ulipo wewe leo. Ukianza insulini, kongosho lililozidiwa hupata ahueni, hutoa kidogo ilichobaki nacho, dozi inapungua, unaona umepona. Kwa mwenye aina ya kwanza, ambaye kongosho lake linaishiwa insulini, ahueni hiyo ni ya muda tu, madaktari wanaiita fungate. Inaweza kwenda wiki, miezi, wengine hata zaidi ya mwaka. Mimi fungate nililikuta, ila hakuna aliyeniambia kwamba lina mwisho.

Ikafika minada ya korosho. Unajua Newala hela ikishaingia kwenye akaunti za wakulima: mabati, pikipiki mpya, na "madaktari" wanaoshuka na gari lenye spika juu. Mmoja alikuwa na koti jeupe kwenye jua lile la saa nane na picha ya kongosho kubwa kama godoro. Akanipima mbele ya watu, ikasoma 6 na pointi. Akapaza sauti: "Sukari sita, bado anajidunga! Sindano ni za watoto! Mtu mzima dawa yake majani!" Watu wakapiga makofi. Sasa nani asiyejua kwamba ile 6 ililetwa na insulini niliyochoma asubuhi? Mimi nilikuwa sijui. Yeye nina hakika alijua, na ndicho kinachoniuma hadi leo. Nilinunua ndoo. Sio kopo, ndoo. Ilikuwa na mlonge, mwarobaini na kitu cha kahawia chenye ladha ya ukuta. Hela ya magunia ilikwenda humo.

Mwanzoni nilitamba. Kiu ikarudi, nikasema ni joto. Kukojoa usiku, nikasema ni dafu. Tumbo likakata, nikatapika, nikamsingizia pweza. Kufika jioni nimelala kitandani napumua kama niliyepandisha ndoo ya maji kutoka bondeni, nayumba nikienda chooni, maneno hayaeleweki. Na mdomo unanuka mabibo yaliyochacha.

Fikiria mwenyewe. Msimu wa mabibo, yanayopikiwa pombe ya uraka, mtu anayumba, ananuka hivyo. Shemeji akatoa hukumu: "Uraka huo. Muacheni alale, utamtoka." Nikaachwa nilale! Kama mke wangu asingekumbuka kwamba sijawahi kunywa hata tone, leo jibu hili ungeandikiwa na mtu mwingine. Alikwenda kuazima mashine ya jirani, ikaandika HI. Shemeji akadhani inatusalimia. Kwa mashine nyingi HI maana yake sukari imepita 33.3, imeshindwa kuhesabu. Tukatafutiwa gari usiku huohuo, na barabara yetu unaijua.

Ile harufu ni ketoni. Mwili ukikosa insulini kabisa, sukari inajaa kwenye damu lakini hauwezi kuitumia, kwa hiyo unachoma mafuta. Mafuta yakichomwa ovyo yanatoa ketoni, damu inakuwa na asidi, unatapika, unaishiwa maji, unapumua kwa nguvu na haraka, unapoteza fahamu. Haichukui miezi. Ni suala la siku, wakati mwingine chini ya hapo.

Na huyo jirani yako anayesema aina ya kwanza ni ya watoto, mtajie Theresa May, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Mwaka 2012 aliambiwa ana aina ya pili, akapewa vidonge, havikufua dafu, 2013 ikaonekana ni aina ya kwanza. Alikuwa na miaka 56. Kama walimkosea waziri wa Uingereza, mimi na wewe wa huku kwenye mikorosho ni nani?

Sikwambii una aina ya kwanza. Wapo wengi, hasa sisi Waafrika, wanaoanza na sukari ya kutisha na hata ketoni, wakatumia insulini kwa muda, kisha daktari akawapunguzia taratibu hadi wakabaki na vidonge salama. Huenda wewe ni huyo. Lakini kwa kujiangalia kwenye kioo huwezi kujua, na mashine ya kidoleni haikwambii. Hata HbA1c haikwambii, ile inaonyesha sukari ilivyokwenda miezi miwili mitatu iliyopita, haitaji aina. Vinavyosaidia ni viwili. Kuna kingamwili za GAD, zikiwepo ni dalili kwamba mwili unashambulia kongosho lake wenyewe. Na kuna si-peptaidi, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini yake, kwa hiyo inaonyesha unatengeneza kiasi gani hata kama unajichoma ya dukani. Ila si-peptaidi ikipimwa sukari ikiwa bado juu sana inaweza kudanganya, kwa sababu kongosho linakuwa limezimia kwa muda. Sampuli yangu ilipelekwa Dar. GAD zikaonekana. Aina ya kwanza ya ukubwani, ile inayokuja polepole.

Kwa hiyo insulini inapunguzwa na daktari mwenye majibu mkononi, wewe ukiwa unapimwa. Jirani hapunguzi, spika haipunguzi, na kujisikia mzima hakupunguzi.

Uliuliza na mashine ipi ununue: yoyote ambayo vijiti vyake vinapatikana hapo Masasi mwaka mzima.

Jumatatu nenda kliniki, uwaambie wazi ulitaka kuacha, uombe wakuchunguze ni aina gani. Kama hawana vipimo waulize wanakupa rufaa ya wapi. Na kama ulishaacha tangu jana ukaona aibu kuandika hapa, halafu tumbo linauma au unatapika, usisubiri Jumatatu. Panda chochote chenye magurudumu sasa hivi, na ukifika mapokezi sema "nina sukari, nimeacha insulini, nipimeni ketoni" kabla hawajakuuliza jina.