Nilimwona kwa macho yangu, mbona wakili ananitilia shaka?

SWALI: Niliporwa simu usiku kwa kisu. Kwenye gwaride la utambulisho, watu walipopangwa mstari nimwonyeshe aliyenipora, nilimgusa mtu wa tano bila kusita. Mahakamani wakili wake kanibana kuhusu taa hadi nikajiona mshtakiwa ni mimi. Macho yangu hayatoshi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nimetetea washtakiwa miaka mingi, na maswali hayo ya taa nimeyauliza mwenyewe: ilikuwa upande gani, umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, mlifahamiana kabla? Hakuna anayekuita mwongo. Shahidi mwongo hanisumbui sana. Ninayemwogopa ni mkweli aliyekosea. Halafu kisu chenyewe huvuta macho, mtu akabaki anakumbuka makali kuliko pua ya aliyekishika.

Mwaka 1984, North Carolina, Marekani, mwanamke aliyebakwa alijitahidi makusudi kuukariri uso wa mbakaji. Akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride (uso ambao tayari alishauona pichani!). Baadaye mhalifu halisi aliletwa mahakamani mbele yake, asimtambue. DNA ilimsafisha Cotton mwaka 1995, akiwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka 10.

Sasa niambie: kabla ya gwaride ulionyeshwa picha ya huyo mtu wa tano? Na ulipomgusa, kuna askari aliyekwambia “safi, ndiye”? Kama ndiyo, mweleze mwendesha mashtaka mapema, kabla wakili hajakuuliza.