Glaida ya mita 2 ya kujiundia: kabla ya kuirusha, angalia bawa

Ndugu yetu wa Mbale ameuliza hivi: binamu yake amemtumia kutoka Uingereza boksi la glaida, yaani ndege ndogo ya kuelea hewani bila injini, ya mbao nyepesi za balsa, mabawa mita 2, ya kuongozwa kwa rimoti. Anataka kujua kama ataweza kuiunda peke yake, aanzie wapi kuirusha, na kama ni lazima aiwekee mota. Mimi niko Jinja, hukuhuku Uganda. Nimeshaunda tatu za aina hiyo, na ile ya kwanza niliivunja mara mbili, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Kuiunda peke yako utaweza. Ila usiwe na haraka na bawa. Mkia ukikosea milimita moja utasamehewa, bawa halisamehe.

Kwanza tafuta mahali palipo sawa kabisa pa kuundia. Meza nyingi za nyumbani zimepinda bila mwenyewe kujua. Mimi nilinunua mlango wa plaiwudi ambao haujatobolewa kitasa, nikaulaza juu ya matofali. Tandaza mchoro, funika kwa nailoni ili gundi isishike karatasi, kisha panga mbavu na mihimili na uzibane kwa pini hadi kesho yake. Gundi nyeupe ya mbao inatosha sehemu kubwa. Epoksi iweke pale mabawa mawili yanapoungana, maana ndipo uzito wote unapolalia. Usiimwage ovyo. Huku kwetu, Jinja na Mbale, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Ndege ileile lazima iende kasi kidogo zaidi ili ibebwe, kwa hiyo kila gramu unayoongeza utaiona wakati wa kutua.

Sasa niseme kilichonivunjia ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua kila jioni. Nilikuwa nafunika bawa kwa ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwa pasi, umeme ukakatika, nikachukua pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa huwezi kuipimia joto, na plastiki ile ikipata moto hujikaza. Upande mmoja ukakazwa zaidi kuliko mwingine. Ndege ikawa kila nikiirusha inalalia kushoto na kujichimbia ardhini. Nikabadilisha sevo (kimota kinachosogeza usukani), nikailaumu risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), nikapindisha usukani wa mkia kulia, wapi. Jirani yangu mmoja, mzee seremala, akaniomba aishike. Akafumba jicho moja, akalitazama bawa kwa nyuma vile anavyokagua mbao ya fremu, akasema, "Mwanangu, hili limejinyonga." Ukingo wa nyuma kwenye ncha ya kushoto ulikuwa umeinuka milimita 6, ya kulia iko sawa. Bawa la kushoto lilikuwa halibebi kama mwenzake.

Dawa yake haikuchukua hata robo saa. Mzee alilinyonga bawa kuelekea upande wa pili, akapitisha kidogo. Mimi nikapitisha pasi ya umeme juu na chini hadi mikunjo ya plastiki ikaisha, naye hakuliachia mpaka lilipopoa. Jioni hiyohiyo ndege ilienda moja kwa moja. Ncha zote mbili zikiinuka kidogo nyuma, milimita 2 au 3 kwa usawa, usihangaike, ni vizuri, kwa sababu ndege ikipunguza mwendo ncha hazitaacha kubebwa kabla ya katikati. Ubaya ni zikitofautiana, au zikishuka.

Baada ya bawa, mizani. Iweke ndege juu ya vidole viwili chini ya bawa, kwenye alama ya mchoro. Kama bawa lako lina upana wa sentimita 23, alama itakuwa karibu sentimita 7 na nusu kutoka mbele. Isimame sawa au iiname pua kidogo sana. Yangu ilikuwa na mkia mzito, nikanunua chubwi za nyavu kwa wavuvi wa Masese nikazijaza puani.

Kabla ya kurusha simama nyuma ya ndege, sogeza kijiti kulia, usukani uende kulia. Halafu mtu ashike ndege, wewe utembee hatua 30 na rimoti ikiwa kwenye hali ya kupima umbali, uone kama usukani bado unatii. Rusha kwa mkono kwanza, mahali penye nyasi ndefu, ukielekea upepo unakotoka. Irushe kama mkuki, usiirushe kama jiwe, pua ikitazama chini kidogo. Ikiinua pua, ikasita, kisha ikadondoka, ongeza chubwi. Ikikimbilia chini, punguza. Mimi nilifanya hivyo asubuhi tatu nzima na sijutii. Na ndege inapokuja kuelekea kwako, kushoto na kulia vinageuka. Wewe sogeza kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama unaliegemeza.

Mota huihitaji. Nilikata tyubu za baiskeli vipande virefu, nikaunganisha mita 10, nikaongezea mita 40 za nailoni ya kuvulia mbuta (sangara). Ni manati kubwa tu. Kwa ndege ya gramu 800 naivuta hadi mizani ya samaki isome kilo 3, hapo inatosha. Kigingi cha kufungia ncha ya mpira kipigilie kwa nyundo hadi kikwame kweli, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa mpira.

Ukishafika juu, waangalie kaloli. Hao ndege wakubwa wa majalalani hawapigi mabawa bure: ukiwaona wanazunguka bila kupiga bawa, pale hewa ya moto inapanda. Mwewe vilevile. Ingia kwenye duara lao ukiwa chini yao, zunguka upande wanaozungukia. Saa nne hadi saa saba mchana ndiyo saa nzuri. Wingu likianza kuwa jeusi, shusha ndege mara moja, radi za huku si za kuchezea.

Wewe una Wanale hapo, ule ukuta wa mwamba ambao maporomoko yake yanaonekana ukiwa mjini. Upepo ukiugonga hupanda, na glaida inaweza kukaa juu bila manati. Lakini usianzie huko, maana nyuma ya ukingo hewa hujipindua na kuiangusha ndege. Anzia kiwanja cha tambarare, mbali na viwanja vya ndege. Uliza kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali, kisha mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na umwonyeshe ndege yenyewe kwa macho yake, asije akasikia kwa watu kwamba kuna kitu kinaruka.

Ukimaliza mbavu, kabla hujafunika plastiki, piga picha ya bawa kwa nyuma, kamera iwe usawa wa meza, uitume hapa. Nitaitazama na yule mzee.