Kima cha chini kisikae miaka saba bila kuguswa

Swali la wiki liliuliza kama kupandisha kima cha chini cha mshahara kunamfaa mfanyakazi au kunamponza akakosa kazi. Mimi huandaa karatasi za mishahara ya vibarua hapa Lubumbashi, na jibu langu ni kwamba kunamfaa. Hasara kubwa tuliiona pale kima kilipoachwa bila kuguswa.

Mwaka 2018 serikali ya Kongo ilipanga SMIG, yaani kima cha chini cha kisheria, ya kibarua wa kawaida kuwa faranga 7,075 kwa siku. Dola moja wakati huo ilikuwa karibu faranga 1,600, kwa hiyo kibarua alipata zaidi ya dola nne. Kufikia 2024 dola ilikuwa imepita faranga 2,700, na mtu yuleyule, kwa jasho lilelile, alipokea dola mbili na kitu, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba mshahara wake umepunguzwa. Unga wetu mwingi hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kodi ya nyumba mara nyingi huhesabiwa kwa dola. Muuza unga na mwenye nyumba walipandisha bei kila faranga iliposhuka, mshahara peke yake ukabaki palepale. Ndiyo maana nililipokea kwa furaha agizo la Mei 2025 lililofikisha kima faranga 14,500, na kupanga 21,500 kuanzia Januari 2026.

Hofu ya watu kuachishwa kazi si ya kupuuzwa. Hata hivyo, jimbo la New Jersey, Marekani, lilipopandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992, wanauchumi David Card na Alan Krueger walichunguza mikahawa 410 huko na katika jimbo jirani la Pennsylvania, wasione ajira ikipungua. Matokeo yao yalibishaniwa sana, na fundi wa hapa mtaani Kamalondo mwenye wasaidizi wawili huenda akashindwa kweli kulipa. Ila kampuni zinazopeleka vibarua migodini haziko katika hali ya fundi huyo.

Kwenye kampuni moja ya namna hiyo niliyoifanyia kazi zamani, karatasi ilionyesha siku 26 kwa kima halali. Chini yake yakafuata makato ya buti, ya kofia na ya nafasi katika basi, hadi kilichobaki kikawa pungufu ya kima chenyewe. Kibarua alitia sahihi bila kuuliza, kwa kuwa getini walikuwapo wengine waliokuwa tayari kuchukua nafasi yake. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wa kazi wafike siku ya malipo yenyewe, wahesabu fedha zinazoingia mkononi mwa kibarua badala ya kuridhika na makaratasi ya ofisini, na kima kipitiwe upya kila mwaka kwa kutazama bei ya unga na kodi ya nyumba.