Uliza kwanza alikolala

Binti yangu, nyar Kano,

Salamu kutoka Ahero. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na miwani na bila miwani. Unasema huko Nakuru muuguzi wa kliniki alikupima presha, akakuambia upunguze mawazo kwa ajili ya mtoto, nawe ukakesha kwenye simu ukisoma mambo ya msongo na ubongo wa watoto. Hiyo si dawa ya mawazo, mwanangu. Sasa unauliza kama hofu uliyo nayo tangu mkataba wa kazi uishe itamharibu mtoto kabla hajazaliwa. Unasema pia ulimwuliza mama yako kwanza, akacheka, akasema, "Mwulize baba yako."

Kicheko hicho nakijua.

Hadithi ya El Nino umeisikia tangu utotoni: mto Nyando ulivyofurika Novemba 1997, kuku walivyopanda kwenye boriti, mama yako na kaka yako walivyolala shuleni. Wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano. Na mimi, kama inavyosimuliwa nyumbani, nilikuwa mkutano wa walimu mjini Kisumu. Mwezi uliotangulia walimu tulikuwa tumegoma nchi nzima na kuahidiwa nyongeza kubwa ya mshahara, kwa hiyo mikutano ilikuwapo kweli. Uongo wangu ulipata pa kukaa.

Siku ile nilikuwa Kibuye, sokoni pale Kisumu, nikicheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda hasikii mvua. Kila nilipotaka kuinuka nilisema mchezo mmoja tu, mpaka matatu ya mwisho ikaondoka. Nililala kwa rafiki, na nililala vizuri.

Huku nyumbani maji yaliingia kwa kupitia chini ya mlango, polepole, bila kelele. Mama yako alimpandisha kaka yako kitandani, kisha mezani, kisha akaona meza nayo inaanza kutikisika. Akambeba mgongoni, koroboi mkononi, akapita kwenye maji yaliyofika magotini mpaka shule, maana ndiyo iliyokuwa mwinukoni. Walikuwa wanawake kumi na kitu humo ndani na watoto wao. Yeye aliingia darasa langu.

Nilifika asubuhi, suruali nimekunja, viatu nimeshika. Nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, kaka yako amelala juu ya meza ya mwalimu. Ubaoni lilikuwapo zoezi langu la Ijumaa: sahihisha sentensi zifuatazo. Siku zile hatukuwa na habari nyingine ila mvua, na ya tatu nilikuwa nimeandika, "Maji imeingia nyumba yetu." Chini yake palikuwa na mwandiko ambao si wangu: "Maji yameingia nyumbani mwetu." Mama yako aliishia darasa la saba, unajua. Alinitazama akasema, "Namba tatu nimeshakusahihishia, mwalimu." Hakusema neno lingine kwa siku tatu.

Mpaka leo sijui kama nicheke au nilie.

Neno langu unalijua, nimelisema kwenye kila ofisi ya walimu niliyokaa: kabla hujamchapa mtoto kwa kusinzia darasani, uliza kwanza alikolala. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali pengine mtoto anapolala kabla ya hapo, miezi tisa.

Makala alizonitumia mkwe nimezisoma. Wanasema mama akiwa na hofu mwili wake hutoa homoni iitwayo kortisoli. Kondo la nyuma ni kama bawabu: lina kimeng'enya kinachoivunja nguvu sehemu kubwa ya homoni hiyo isimfikie mtoto. Hofu ikiwa nzito, bawabu huyo anaweza kulegea, na sehemu za ubongo zinazohusika na woga na kumbukumbu ndizo wanazozitazama zaidi.

Halafu nikakutana na jambo lililonifanya niweke simu chini. Januari 1998, sisi tukiwa bado tunaanika magodoro, kule Quebec, Kanada, mvua ilinyesha ikawa inaganda papo hapo juu ya nyaya za umeme mpaka nguzo zikaanguka. Zaidi ya watu milioni tatu walikaa gizani, wengine zaidi ya mwezi mzima, katika baridi ile yao. Mtafiti mmoja, Suzanne King wa Chuo Kikuu cha McGill, aliwatafuta wanawake waliokuwa na mimba wakati huo, akawafuatilia watoto wao mwaka baada ya mwaka. Ni rika lako kabisa hao. Alipima mambo mawili mbalimbali: shida yenyewe, kama siku za kukosa umeme na kuhama nyumba, na jinsi mama alivyoumia moyoni. Watoto ambao mama zao walipata shida kubwa zaidi walikuwa, kwa wastani, nyuma kidogo kwa lugha na majaribio ya akili walipokuwa na miaka miwili, na hata mitano na nusu. Na huko kwenye lugha na akili, kilichoonekana ni ile shida yenyewe, si jinsi mama alivyoumia.

Kilichonipendeza ni kwamba barafu haichagui. Ukiwachunguza akina mama wenye wasiwasi siku zote, utajuaje kama mtoto ameupata tumboni, au ameurithi kwenye damu, au ameuona kwa macho? Barafu iliwaangukia wote, mwoga na jasiri. Mafuriko yetu nayo yalituangukia wote, ila hakuna aliyekuja huku kwetu Kano na daftari.

Basi nikaanza kukukumbuka. Ulipokuwa na miaka mitano, mvua ikigonga bati ulikuwa unaamka, unakaa kitandani wima, kisha unapanga viatu vyote juu ya stuli. Hata vyangu. Nilikuwa nikikutazama gizani nikijisemea, hii ni kazi yangu, hivi ni vizibo vya soda. Lakini mama yako naye, wingu likitanda tu, alikuwa anapandisha unga na radio mezani. Ulikuwa unamtazama. Na kaka yako, ambaye alikuwapo mwenyewe, aliyebebwa ndani ya maji, hulala kama gunia. Kwa hiyo nani kakufunza? Ningependa sana kusema ni mimi, maana angalau ningejua cha kuombea msamaha. Ningependa pia kusema si mimi. Sina haki ya kusema lolote kati ya hayo mawili, na inaniuma kunyamaza.

Na viatu vile, mbona havikukuzuia chochote? Ulizungumza mapema kuliko kaka yako, ukashinda insha wilayani.

Haya, swali lako. Uingereza waliwafuatilia maelfu ya akina mama wa Bristol. Wale wenye wasiwasi mwingi zaidi mwisho wa mimba, hatari ya watoto wao kuwa na matatizo ya tabia iliongezeka karibu maradufu, lakini walio wengi hawakuwa na tatizo. London walipima kortisoli kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Ilipokuwa juu, watoto walikuwa nyuma kidogo kiakili walipofika kama mwaka mmoja na nusu. Lakini kwa wale walioshikamana vizuri na mama zao, tofauti hiyo haikuonekana. Mkataba wa kazi utapata mwingine. Simu izime saa mbili usiku. Presha usiifanyie mzaha, rudi kliniki tarehe waliyokupa.

Na mwambie mkwe wangu awe nyumbani giza likiingia, hasa msimu huu wa mvua. Usimwambie kwa nini nasema hivyo.

Mama yako atakuja huko Jumanne na omena na unga wa wimbi. Msomee barua hii akitaka, ila uruke pale pa Kibuye. Ingawa kila tukipita pale na matatu, miaka yote hii, yeye hugeuka akatazama upande wa pili wa barabara, na mabega yake hutikisika kidogo.

Baba yako