Fuka, foka, lipuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu aliandika katika insha yake kwamba "mlima ulitapika lava usiku kucha." Mwalimu wake alikata neno "ulitapika" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "ulilipuka". Je, "kutapika" ni kosa? Na neno sahihi ni "volkano" au "volkeno"?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Nianze na swali lako la pili, maana halina ugomvi. Volkano na volkeno yote ni sawa. Asili yake ni Vulcanus, mungu wa moto wa Warumi, ambaye jina lake limebaki hadi leo kwenye kisiwa cha Vulcano huko Italia. Sisi tumelipokea kupitia Kiingereza: anayeandika volkano amefuata maandishi, anayeandika volkeno amefuata matamshi. Chagua moja, ushikamane nalo mpaka mwisho wa insha. Ninachokataa ni "mavolkano" tu. Nomino hii haitaki ma-. Tunasema volkano imeamka, volkano zimeamka, yamekwisha.

Sasa la kwanza. Hapo nina hasira, na ni hasira ya muda mrefu.

Binti yako hakukosea. Uliokosea ni wino mwekundu, tena umekosea mara mbili kwa neno moja. Kulipuka ni kuachia kwa mpigo mmoja nguvu iliyokuwa imebanwa ndani. Baruti hulipuka, bomu hulipuka, mtungi wa gesi hulipuka. Hata moto tukisema umelipuka, tunataka kusema umewaka ghafla. Bila ghafla na bila kishindo hakuna kulipuka. Mtoto ameandika "usiku kucha". Basi mwalimu amemfundisha kwamba kitu kinaweza kulipuka kuanzia magharibi hadi alfajiri bila kupumzika, na pia amemfundisha kwamba lava inayomiminika kutoka mdomoni mwa mlima ni sawa na bomu. Kitenzi cha mtoto kilikuwa kimebeba picha kamili: kitu kinapanda kutoka tumboni, kinatokea mdomoni, kinamwagika. Kimefutwa, mahali pake pakawekwa kitenzi kisicholingana na sentensi.

Simlaumu mwalimu huyo peke yake. Fungua habari yoyote ya volkano kwa Kiswahili na utakuta mlima "umelipuka". Uliotoa moshi, umelipuka. Uliomwaga lava taratibu kwa wiki tatu, umelipuka. Uliorusha majivu kilomita kumi angani, nao umelipuka. Kitenzi kimoja kimemeza ndugu zake wote, na mlaji huyo ameletwa na tafsiri za haraka. Kiingereza kina kitenzi kimoja kipana, "erupt", kinachofunika hali zote hizo, na asili yake ya Kilatini ni kutoka nje kwa kupasua. Kulipuka kuna neno lake jingine kabisa hukohuko kwa Waingereza, "explode". Kwa hiyo mtafsiri hakulazimishwa na mtu. Ameokota neno la kwanza lililokuwa karibu, na wengine wakamfuata.

Kiswahili hakina ukata huo wa vitenzi. Tuna fuka, foka, bubujika, tiririka, churuzika, miminika, furika, tapika, tema, rusha, na mwisho kabisa lipuka. Shika vitatu tu uone kazi yake. Mlima unaofuka unatoa moshi na mvuke. Mlima unaofoka unarusha lava juu kwa nguvu kutoka kwenye ufa au kreta (shimo la kileleni), inapanda na kushuka, na huenda ikaendelea hivyo kwa saa au siku nyingi. (Ndiko tulikopata kumfokea mtu: maneno yanayotoka kwa nguvu, mfululizo.) Mlima unaolipuka unapasuliwa na gesi yake, mwamba na lava vikisagwa kuwa vumbi. Mlima unaofuka bado haujafoka, na uliofoka si lazima ulipuke. Katika silabi chache tu umekwishaeleza jambo ambalo mwandishi wa habari hushindwa kulieleza kwa aya nzima.

Na tofauti hizi si mapambo ya lugha. Zinatoka ndani ya mwamba wenyewe. Magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi) yenye silika kidogo, yaani ile dutu inayounda kioo na mchanga mweupe, huwa nyepesi. Gesi iliyomo ndani yake hupata njia ya kutoka, na lava inayofuata hutiririka. Hiyo ndiyo huganda ikawa basalti, mwamba mweusi wenye silika karibu asilimia 50. Magma yenye silika asilimia 70 hunata. Gesi hunaswa, mgandamizo hupanda, mpaka siku mlima unaposhindwa kuubeba. Hapo, na hapo tu, ndipo napokea neno kulipuka kwa mikono miwili.

Mfano nitakaouchosha leo ni Nyiragongo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu ndio mlima uliodhulumiwa zaidi na kitenzi hiki. Kreta yake ni maarufu kwa ziwa la lava. Januari 17, 2002, nyufa zilifunguka kwenye ubavu wake wa kusini, na lava ikashuka kupitia nyufa hizo, ikaingia mji wa Goma, ikaukata mji katikati, ikafika Ziwa Kivu. Sikiliza vitenzi: zilifunguka, ikashuka, ikaingia, ikaukata, ikafika. Hakuna kishindo cha mlima kuvunjika. Mlima ulipasuka ubavuni ukavuja, na wanaojua kiini cha maafa hayo wanajua kwamba kuvuja huko ndiko kulikoangamiza makazi ya watu wengi kiasi kile. Halafu, siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava moto kililipuka na kuua watu waliokuwa wakichota mafuta. Hicho kililipuka. Sasa nakuuliza wewe unayeandika kwamba Nyiragongo "ulilipuka" mwaka 2002: kituo cha mafuta utakiandikia nini? Umekwisha kulitumia neno mahali pasipo pake, na lilipohitajika kweli halina tena nguvu.

Mei 22, 2021, yakatokea mambo ya namna ileile. Nyufa, lava, vijiji vya kaskazini mwa Goma vikafunikwa, na lava ikasimama pembezoni mwa mji. Vichwa vya habari vikarudia: umelipuka, umelipuka. Mtu anayesikia mlima umelipuka hutazama juu, akiogopa mawe na majivu kutoka angani. Anayesikia lava inatiririka kutoka ubavu wa kusini hujua hatari iko chini, ina mwelekeo, na hujua upande wa kukimbilia. Hapa kitenzi ni habari yenyewe.

Kama bado kuna anayedhani nachagua maneno kwa ulimbwende, aende Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Huu ndio mlima pekee wa volkano hai duniani unaotoa lava ya kabonati (dutu za jamii ya magadi na chokaa), ambayo ina silika kidogo mno na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, takriban nusu ya joto la lava ya basalti. Ni nyepesi sana. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe ikikaa hewani. Kuanzia mwaka 1983 kwa miaka mingi lava hiyo ilibubujika na kuchuruzika ndani ya kreta, ikaijaza, hatimaye ikafurika ukingoni. Kisha Septemba 2007 mlima huohuo ukalipuka: majivu yakapaa, sakafu ya lava iliyojengwa kwa miaka yote ile ikabomolewa, pakabaki koni ya majivu yenye shimo refu. Mwandishi aliyekuwa amesema "umelipuka" kila mwaka tangu 1983 alibakiwa na neno gani la kuandika mwaka 2007? Angelazimika kusema "umelipuka kweli", na lugha ikifika mahali pa kuhitaji "kweli" baada ya kila kitenzi, imekwisha kudhoofishwa na watumiaji wake.

Milima iliyolipuka ipo, na inastahili heshima ya neno lake. Krakatau, Indonesia, Agosti 27, 1883: mshindo ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka pale. Mount St. Helens, Marekani, Mei 18, 1980: ubavu wa kaskazini uliporomoka, mgandamizo wa ndani ukaachiwa kwa dakika moja, mlima ukalipukia ubavuni, watu 57 walikufa na kilele kikapungua urefu kwa takriban mita 400. Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991, vivyo hivyo. Andika "ulilipuka" kwa herufi kubwa ukitaka, sitakugusa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kitenzi hiki kimetuficha jinsi uso wa dunia ulivyoumbwa. Mtoto anayejua volkano hulipuka tu ataamini kwamba kazi ya volkano ni kubomoa. Ukweli ni kinyume. Takriban asilimia 60 ya uso wa sayari yetu ni sakafu ya bahari iliyotokana na magma iliyopanda kimyakimya kwenye matuta ya katikati ya bahari, mlolongo wenye urefu wa kilomita 65,000 hivi, ikaganda hapo hapo, ikasogea kando, ikapisha nyingine. Nyanda za juu za Ethiopia zimejengwa kwa lava iliyofurika takriban miaka milioni 30 iliyopita, tabaka juu ya tabaka. Mauna Loa, Hawaii, ukipimwa kutoka kitako chake chini ya bahari unapita kilomita 9, na umeinuka kwa kutiririka, mkondo mmoja ukilala juu ya mwingine, ndiyo maana miteremko yake ni ya polepole. Hata kwenye sayari ya Mirihi, Olympus Mons, wenye urefu wa kilomita 22 hivi, ni mlima wa lava iliyotiririka. Ukoko wa Mirihi hausogei kama mabamba yetu, yaani vipande vikubwa vinavyounda ukoko wa dunia, kwa hiyo lava iliendelea kurundikana mahali palepale. Milima mikubwa kuliko yote imejengwa na kutiririka, nasi hatuutaji mtiririko.

Mabamba yenyewe yanafuata vitenzi vyao, na hapo Kiswahili kimetupa kiambishi -an- kilichokaa kama kilitungwa kwa ajili ya jiolojia. Mabamba yakiachana, mwamba wa chini hupanda, mgandamizo unaoukandamiza hupungua, sehemu yake huyeyuka, na lava nyepesi hutiririka, kama inavyotokea Iceland. Yakigongana na moja likazama chini ya jingine, hushuka na maji. Maji hayo huufanya mwamba wa juu yake uyeyuke kwa joto dogo zaidi, na magma inayopatikana hunata na kujaa gesi. Ndiyo maana milima mingi inayolipuka imepanga mstari kuzunguka Pasifiki, kutoka Andes hadi Japani na Ufilipino. Yakipishana, kama kwenye ufa wa San Andreas huko California, Marekani, utapata tetemeko, volkano hapana. Na wale wanaoandika "Afrika imepasuka vipande viwili" kila ufa unapoonekana baada ya mvua kwenye Bonde la Ufa wanaitendea vibaya -me-, ambayo ni ya jambo lililokamilika. Bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Yanaachana, hayajaachana.

Yapo mambo niliyokwisha kuyaachia. "Majivu ya volkano" si majivu, kwa kuwa hakuna kilichoungua; ni mwamba na kioo vilivyosagika. Jina limezoeleka, linaeleweka, na rangi inalisaidia, liendelee. "Mlipuko wa volkano" kama nomino ya jumla katika kichwa cha sura ya kitabu nalivumilia kwa shingo upande, mradi ndani ya sura mwandishi aseme mtiririko panapotiririka na mlipuko panapolipuka. Nisichokivumilia ni "lava iliyo chini ya ardhi". Chini ni magma. Ikitoka ndiyo lava.

Na kwa mhariri anayepigiwa simu usiku, hajui bado kama mlima umefuka, umefoka au umelipuka, neno lipo na ni letu. Volkano tulivu tunasema imelala. Basi aandike kwamba imeamka, kisha asubiri taarifa ya wanaoutazama mlima kabla ya kuchagua kitenzi cha sentensi ya pili.