Chatu Wangu Aligoma Kula kwa Wiki Kumi na Sita

Mwanzoni mwa Oktoba 2021, hapa Leicester, Uingereza, nilimchukua chatu dume kutoka kwa mfugaji mmoja aliyekuwa akihama nyumba. Ni chatu wa aina ya Python regius, yule mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira na kukificha kichwa katikati. Mabaka yake ya kahawia na meusi yalinikumbusha ukili uliotiwa rangi, nami nikamwita Mkeka. Siku alipofika alikuwa na uzito wa gramu 640. Mlo wake wa kwanza kwangu aliula mwishoni mwa Januari 2022, na katika wiki hizo kumi na sita sikulala vizuri. Mama yangu, ambaye hajawahi kuafiki nyoka kuishi chumba kimoja na binadamu, alikuwa akinipigia simu kutoka Tanga kila Jumapili na kuniuliza, kabla hata ya salamu kukamilika, kama yule mnyama amekula.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye usiku huu ameketi mbele ya kizimba akiwa na panya aliyepoa mkononi. Niliyojifunza ni kwamba chatu wa aina hii anapokataa chakula, mara nyingi kasoro haiko kwenye chakula. Iko kwenye makazi yake, au kwenye mkono wa yule anayemtunza, na kwangu mimi ilikuwa kote kuwili.

Nilikuwa nimemhamishia kwenye tangi kubwa la kioo, lililo wazi pande zote, nikiamini kwamba nafasi kubwa ni wema. Kule alikotoka alikuwa akiishi ndani ya sanduku la plastiki lenye giza. Porini chatu huyu hushinda kutwa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, kwa hiyo tangi langu lilikuwa kwake sawa na uwanja mtupu usio na pa kujificha. Kipimajoto cha kubandika kiooni kilinionyesha nyuzi 32, lakini nilipokuja kununua kipimajoto cha kidijitali chenye waya wa kulaza sakafuni, niligundua kwamba pale alipokuwa akilalia hapakuzidi nyuzi 27. Chatu asiyepata joto la kutosha hawezi kumeng'enya nyama, na mwili wake hukataa kumeza kitu ambacho kingemwozea tumboni. Isitoshe, nilikuwa nikimshika kila siku ili anizoee, nikimwonyesha kwa wageni, na nikimpelekea panya kila baada ya siku mbili. Kila jaribio lililoshindikana lilimwongezea hofu, nami nikalijibu kwa jaribio jingine.

Kabla ya kubadilisha chochote nilimpeleka kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia, na hatua hiyo nakuomba usiiruke. Alimchungulia mdomoni, akamsikiliza pumzi, akatafuta utitiri kati ya magamba na kupima kinyesi ili kuona kama ana minyoo. Mnyama anayetoa mapovu puani, anayekoroma au kupumua kwa kinywa wazi, au ambaye ufizi wake umevimba, ni mgonjwa wa kutibiwa kwanza. Mkeka alionekana mzima. Daktari aliniagiza nimpime uzito mara moja kwa wiki kwa mizani ya jikoni na kuandika daftarini, akanieleza kwamba dume aliyekwisha kukomaa anaweza kufunga miezi kadhaa wakati wa msimu wa kupandana bila kudhurika. Nikiona amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au uti wa mgongo umeanza kuchomoza, nirudi mara moja. Kwa chatu mchanga, aliniambia, nisingengoja kiasi hicho, kwa kuwa hana akiba. Ile mizani ndiyo iliyonitoa hofu. Katika wiki zote kumi na sita Mkeka alishuka kutoka gramu 640 hadi 596, na namba hizo zilinipa utulivu ambao maneno ya watu hayakuweza kunipa.

Kisha nikarekebisha makazi. Nilifunika kioo kwa karatasi nzito nyeusi pande tatu, nikaweka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yote madogo kiasi kwamba akijikunja ndani mgongo wake unagusa kuta. Watu wengi hununua maficho makubwa yenye sura ya pango, lakini chatu huyu anajihisi salama pale anapobanwa. Nilijaza majani ya plastiki, nikaongeza matandazo ya magome ya miti ili unyevunyevu ufike asilimia 60, nikafunga thamostati inayoushikilia upande wa joto kwenye nyuzi 32 na kuuacha upande wa pili kwenye nyuzi 26. Tangi lenyewe nililiondoa ukumbini, kwenye kelele za televisheni, nikalipeleka chumba kisichopitwa na watu. Baada ya hapo kwa wiki mbili kamili sikumgusa wala sikumpa chakula. Nilimbadilishia maji tu na kuondoka. Wiki hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko zote zilizotangulia.

Mwandalio wa panya nao una taratibu zake. Hapa Uingereza tunanunua panya waliokwisha kuuawa na kugandishwa, na sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamlinda panya kama inavyomlinda nyoka. Zaidi ya hayo, panya aliye hai huweza kumng'ata chatu asiye na njaa na kumwachia majeraha mabaya. Panya anatolewa friza asubuhi, anayeyuka ndani ya jokofu mchana kutwa, na jioni anatiwa kwenye mfuko na kuzamishwa katika maji ya moto ya bomba. Usimpashe kwenye maikrowevu, kwa sababu huiva ndani na kupasuka. Chatu ana vishimo vidogo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, hivyo kichwa cha panya hakina budi kuwa cha moto kuliko kila kitu kilicho karibu. Mimi hukiongezea joto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi kifike nyuzi 38 hivi. Unene wa panya usizidi sehemu pana ya mwili wa nyoka. Nilizima taa saa tatu usiku, nikamshika panya kwa kibanio kirefu na kumpitisha taratibu mbele ya maficho, kama kiumbe anayekatiza njia bila kujua. Ukimsukumia usoni, chatu hujiona yeye ndiye anayewindwa.

Mara ya kwanza alitoa ulimi, akaivuta shingo nyuma kama anayetaka kushambulia, kisha akarudi ndani. Nilimwacha panya mlangoni mwa maficho hadi asubuhi, nikamtupa. Baada ya siku kumi nilirudia, na matokeo yakawa yale yale.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: kumpigia simu mfugaji wa zamani na kumuuliza Mkeka alizoea kula nini. Akanijibu kwamba tangu udogoni alimlisha panya wa jamii ya Mastomys. Nilishangaa, kwa sababu huyo ni panya shamba wetu, yule anayemaliza mahindi Morogoro na ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemchunguza kwa miaka mingi. Wafugaji wa Ulaya humzalisha maalumu kwa ajili ya chatu wanaochagua sana chakula, maana ni wa Afrika kama chatu mwenyewe. Nilipata kiasi kidogo cha matandazo yaliyolaliwa na panya hao, nikamviringisha panya wangu wa kawaida ndani yake kabla ya kumpasha moto. Usiku huo Mkeka hakungoja. Alishambulia, akamviringa, na baada ya robo saa hivi mkia ulikuwa umepotea kinywani. (Msomaji uliyeko nyumbani Tanzania usikamate panya wa porini kwa lengo hili, hubeba minyoo na maradhi, na huenda amekula sumu. Vivyo hivyo usichukue nyoka porini, kwani kumfuga kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori.)

Wapo watakaokushauri kumlazimisha kwa kumpanua kinywa. Nakusihi usikubali. Ni kazi ya daktari, tena ya dharura, kwa kuwa huumiza taya na hufuta imani yote mliyoijenga.

Baada ya kula nilimwacha siku tatu bila kumgusa, nikampa panya mwenye harufu ile ile kwa milo minne, kisha nikaanza kupunguza matandazo kidogo kidogo hadi akamzoea panya wa kawaida. Sasa anakula kila baada ya wiki mbili. Kila Novemba huanza kukataa na hurudi mezani karibu na Machi, na mwaka huu amefunga akiwa na gramu 1,310. Nimeiandika daftarini, na sitampelekea kitu kingine hadi wiki mbili zipite.