Maswali ya Kituruki: N ya katikati na nukta mnazozidharau

Mwalimu, "evinde" ni nyumbani kwako au kwake?

Vyote viwili. Likate ev-in-de: -in ni "yako". Likate ev-i-n-de: -i ni "yake", na n imeingia kwa sababu umilikaji wa nafsi ya tatu haupokei kiambishi cha uhusika (kinachoonyesha kazi ya neno katika sentensi, kama -de, "katika") bila n hiyo. Ndivyo ilivyo pia katika evine, evinden na evini. Waturuki wakiona utata hutanguliza senin ("ya kwako") au onun ("ya kwake"). Sasa chukua araba, yaani gari, neno linaloishia kwa irabu: arabanda ni ndani ya gari lako, arabasında ni ndani ya gari lake. Hapo hakuna wa kuchanganyikiwa. Anayefanya mazoezi ya ev peke yake hataiona tofauti hii kamwe.

Nilisema "kitap okudum" nikakosolewa. Nilimaanisha kile kitabu alichoniazima rafiki yangu.

Basi sema kitabı okudum. Msemaji wa Kiswahili hana udhuru hapa: wewe mwenyewe unasema "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu", na unajua ni wakati gani. Na hiyo p igeuze b, ila usigeuze kila konsonanti unayokutana nayo: saat, yaani saa, huwa saati.

Kama ni İstanbul'da, je, niandike ev'de?

Hapana. Ritifaa ni ya majina ya pekee.

Naomba jedwali la viambishi vyote nikariri.

Ombi hili haliishi! Jifunzeni mpangilio: wingi, umilikaji, uhusika. Ev-ler-imiz-den, kutoka katika nyumba zetu. Irabu za viambishi kwa kawaida zinafuata irabu ya mwisho ya neno (saati ni mojawapo ya yasiyofuata), na ndiyo sababu nawasihi muache kuandika ı kama i kwenye simu. Ni herufi mbili tangu alfabeti ya 1928. Kır ni mashambani, kir ni uchafu. La kwanza linachukua -da, la pili -de. Ukikosea nukta, umekosea na kiambishi.

Çocuk odası na çocuğun odası vina tofauti?

Kubwa. Çocuk odası ni aina ya chumba, chumba cha watoto, hata kama nyumba haina mtoto. Çocuğun odası ni chumba cha mtoto fulani anayejulikana. Wanaotafuta nyumba ya kupanga, msiiachie programu ya simu iwasomee tangazo: Kiswahili chake kinaweza kuwapa "chumba cha mtoto" kwa yote mawili.